Mikono Miwili ya Editha

Ninyi mnaokipokea chumba cha muziki kutoka kwangu mliniomba niwaandikie namna ya kumwanzisha mtoto mdogo kwenye selo. Nilijaribu kuandika maelekezo, nikashindwa. Kila elekezo lilikuja na mtoto wake na mzazi wake, na hawakukubali kunitoka. Basi nawasimulia nilivyoyaona. Ya vyeo na mishahara nitayaruka, kwa sababu hayana hadithi ndefu.

Nilipoanza hapa Masasi nilikuwa mwalimu wa kwaya ya watoto, na selo nilikuwa sijawahi kuigusa. Aliyeniingiza ni Mzee Ambrosi, mpiga kinanda wa kanisa. Mmisionari mmoja aliporudi kwao alimwachia selo moja kubwa, ile fidla nene inayopigwa kwa upinde huku mtu ameketi, naye kwa miaka mingi aliipiga peke yake baada ya sala ya jioni, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Kisha siku moja likaja kontena la mitumba na vitabu, na chini kabisa mlikuwa na selo ndogo za watoto, zimelala kwenye masweta. Vijana wa kwaya walisema ni magitaa yaliyonenepa. Mzee Ambrosi akaniita.

"Felista, wewe una subira na watoto. Mimi ninayo kwa kinanda tu."

Akanifundisha kwanza mimi, kisha siku ya kwanza ya darasa nilipanga zile selo kwenye viti vidogo na kuwasubiri wanafunzi. Wakaja na mama zao, wamepakwa mafuta, wamevaa nguo za Jumapili. Mzee Ambrosi akawaangalia, akafungua mlango na kuwaambia watoto waende wakacheze nje. Akawakalisha mama zao kwenye vile viti.

"Leo wanafunzi ni ninyi," akasema.

Mama mmoja alicheka kwa aibu. "Mzee, shikamoo. Hivi mimi nimekuja kusoma, ama nimemleta mtoto?"

"Marahaba. Umemleta mtoto. Lakini kwangu atakaa kidogo tu, kisha atakwenda kukaa na wewe wiki nzima. Sasa mwalimu wake ni nani hapo?"

Yule mama akaikumbatia selo kama anayembeba mtoto wa jirani, akiogopa asije akalia. Baada ya muda vichwa vikaanza kujipanga dirishani. Wale watoto waliokuja wakiburutwa sasa walikuwa wanasukumana wapate kuona. Wiki ile hawakupewa kitu, na iliyofuata pia hawakupewa. Mzee Ambrosi alisema mtoto akiona mama yake anacho kitu na yeye hana, huna kazi ya kumfundisha kukitaka. Walipopewa hatimaye, hakuna aliyehitaji kubembelezwa.

Vifaa ni vichache, lakini msividharau. Miguu ya mtoto lazima ifike chini, la sivyo atapiga selo huku akiogopa kuanguka. Ndiyo maana vile viti vyote vimekatwa miguu. Ule mwiba wa chuma ulio chini ya selo huteleza kwenye sakafu ya saruji, kwa hiyo tunauchomeka kwenye kipande cha ndala iliyochakaa. Upinde halisi msiutoe mapema. Mpeni kwanza ufito wa mwanzi ajifunze kuushika, maana ufito ukivunjika hakuna msiba. Msimu wa mabibo mikono yote inawe kwa sabuni kabla ya kugusa uzi. Na mtoto aliyeshinda akichoma korosho vidole vyake vitakuwa vimeungua kwa mafuta ya maganda, kwa hiyo mwacheni aimbe tu siku hiyo. Msimu huohuo wazazi watapungua. Msigombane na korosho, mtashindwa.

Wazazi wenyewe ni wa kila namna. Kulikuwa na baba mmoja aliyelala kila somo, na alikoroma karibu kabisa na sauti ya uzi mnene. Nilitaka kumwamsha, Mzee Ambrosi akanizuia. Binti yake alikuwa akipiga polepole asimwamshe, na hivyo ndivyo alivyojifunza kupiga taratibu. Wengine niliwafundisha jambo hilo mwaka mzima bila mafanikio.

Mzee Ambrosi alipofariki, ile selo kubwa nikaachiwa mimi, na chumba pia. Nikaendelea kwa utaratibu wake, na kwa miaka mingi haukunitupa. Kisha akaja Editha.

Alikuwa na miaka mitano, kichwa kikubwa kidogo na macho ya kusikiliza. Wazazi wake walikuwa wameshaachana. Kwetu watu wakiachana, majina hayaachani: Mama Editha alibaki Mama Editha, na Baba Editha alibaki Baba Editha. Kila aliyemwita mmoja alimkumbusha na mwenzake bila kupenda. Mama alikuwa hapa mjini, akiuza uji na chapati kule hospitali ya Mkomaindo kwa watu wanaouguza wagonjwa wao. Baba alikuwa fundi pikipiki, juu Newala kwenye baridi. Walikuwa hawasemezani, ila kwa jambo moja walikubaliana, mtoto asome selo. Sijui nani alianza kulitaka. Kila mmoja aliniambia ni yeye.

Utaratibu wao ulikuwa hivi. Editha alisoma shule huku na kuishi na mama yake. Jumamosi moja mama aliketi naye darasani, Jumamosi iliyofuata aliketi baba. Siku ya baba ikiwa imefika, fundi aliteremka na pikipiki kutoka Newala amevaa sweta na koti. Akifika huku kwenye joto la mawe yetu, alikuwa anatoka jasho kama aliyetembea kwa miguu. Somo likiisha alimpandisha mtoto mbele yake, na selo akaifunga nyuma kwenye keria, imo ndani ya mfuko wa gunia la korosho ulioshonewa blanketi. Watu njiani walikuwa wakimuuliza yule abiria wa tatu mbona hana miguu. Jumapili mchana alimrudisha.

Wote wawili walikuwa wazazi wazuri darasani. Waliuliza, walijaribu, na nyumbani walimsimamia mtoto. Mzee Ambrosi angewapenda. Lakini nikaanza kuona kitu. Jumamosi ya baba, Editha alishika upinde kwa nguvu, kidole gumba kimenyooka, kama mtu anayekaza skrubu. Jumamosi ya mama, mkono uleule ulilegea, ncha za vidole tu ndizo zilizogusa, kama mtu anayegeuza chapati asiungue. Kila wiki nilimrekebisha, na kila wiki ilikuwa vilevile. Nikamuuliza.

"Editha, mbona wiki iliyopita ulishika vingine?"

Akanitazama kama nimeuliza jambo ambalo kila mtu analijua. "Ile ya Newala, Mwalimu. Hii ya huku."

Nilicheka, nikidhani ni mchezo wa kitoto.

Tatizo jingine lilikuwa nyuzi. Mama Editha alinishika mkono siku moja baada ya somo. "Mwalimu, nisaidie na yule baba yake. Selo inapanda kule ikiwa nzima, inarudi nyuzi zimelala kama kamba ya kuanikia nguo. Anaichezea huyo, au anaiachia watu wa gereji."

Wiki iliyofuata baba naye akanivuta pembeni. "Mwalimu, shikamoo. Kule kwangu vigingi vya kukazia nyuzi havizunguki. Vimekazwa kwa hasira hivi, ili mimi nishindwe, ntoto aone baba yake hajui kitu. Imebidi nitumie koleo." Akanionyesha vigingi. Meno ya koleo yalikuwa yamejichora kwenye mti.

Nikawaambia kila mmoja kwa wakati wake kwamba nitaliangalia. Lakini kabla sijapata nafasi, sikukuu ya mavuno ikafika.

Mnajua kanisa linavyokuwa siku ile: mihogo, maboga, mabeseni ya korosho, kuku wamefungwa miguu mbele ya madhabahu. Watoto wa selo walikuwa wapige wimbo mfupi mmojammoja. Editha alikuwa anaujua wake hata akiamshwa usingizini. Akaja mbele, akaketi, akachomeka mwiba kwenye ndala, akainua upinde. Mama yake alikuwa amekaa upande wa kushoto. Baba yake, aliyekuwa ameondoka Newala alfajiri, alikuwa upande wa kulia.

Editha akashika upinde kwa nguvu. Akatazama kushoto, akalegeza vidole. Akatazama kulia, akavikaza tena. Kanisa lote lilikuwa kimya, ila kuku mmoja tu. Akalegeza, akakaza, akalegeza, na upinde ukaanguka.

Hakulia, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliuokota, akalegeza nywele za upinde na kuifuta selo vumbi la ule ulimbo unaopakwa kwenye nywele hizo, kama nilivyomfundisha, kisha akatoka nje kwa mlango wa pembeni akiiburuta. Nilimfuata. Wazazi wake walifika kabla yangu, kila mmoja kwa mlango wake.

"Umemvuruga ntoto," baba akasema.

"Nimemvuruga mimi? Anayemkazisha mkono kama nati ya gurudumu ni nani?"

"Basi nitamchukua. Atasoma Newala moja kwa moja, yaishe."

"Mchukue uone! Na hizo Jumamosi zako zimekwisha leo. Hapandi tena huko."

Editha alikuwa katikati yao, ameishika selo shingoni. Hakumtazama yeyote kati yao. Alinisogezea mimi. "Chukua, Mwalimu. Sitaki tena." Kisha akafikiri kidogo na kuongeza, "Isikae Newala wala huku. Ikae kwako."

Nikaichukua. Jumamosi mbili zikapita chumba kikiwa na kiti kimoja kitupu. Nikasikia kwa watu kwamba mama amekataa kabisa mtoto kupanda, na kwamba baba ameanza kuulizia nafasi ya shule kule juu. Mambo yalikuwa yanaelekea kwa wazee wa ukoo, na mkijua kesi za namna hiyo mnajua kwamba mtoto huulizwa mbele ya watu anamtaka nani.

Mimi si mshenga wala si mchungaji. Nikampigia simu kila mmoja na kumwambia maneno yaleyale: njoo Jumamosi bila mtoto, selo ina tatizo. Hapakuwa na uongo hapo.

Mama alifika kwanza. Pikipiki iliponguruma nje akasimama. "Hukuniambia na huyu atakuwepo."

"Selo ni moja, Mama Editha."

Akakaa karibu na mlango, kikapu mapajani, tayari kuondoka. Baba akaingia, akamwona, akasita, akanisalimia mimi kwanza. Kisha akasema kuelekea alikokaa mama, "Hamjambo huko." Akajibiwa kwa upande mwingine, "Hatujambo."

Nikaleta selo na kuwaonyesha vigingi. Nikawaeleza kwamba huu ni mti, na mti hunywa hewa. Ukifika Newala kwenye ukungu na baridi, unavimba, vigingi vinagoma. Ukiteremka huku kwenye joto, unasinyaa, vigingi vinateleza, nyuzi zinalala. Hakuna aliyeviharibu.

Baba akakuna kidevu. "Kama nlango wa nyumba yangu. Masika haufungi."

"Na mpini wa jembe," mama akasema, akikiambia kikapu chake. "Kiangazi jembe linachomoka lenyewe."

Walikuwa wamelaumiana mwaka mzima kwa kosa la hewa.

"Kwa hiyo hukuwa unavikaza wewe," baba akasema.

"Vile vigingi? Sijawahi hata kuvigusa. Naogopa uzi utanikatikia usoni."

Yule fundi akacheka kidogo kwa pua. Nikaona mlango umefunguka kiasi hicho, nikapita. Nikampa mama upinde nikamwomba ashike anavyomwelekeza mtoto. Akashika kwa ncha za vidole. Nikampa baba, akashika kwa ngumi. Hawakuwa wamewahi kuonana wakishika. Nikawaambia alichonijibu Editha, ile ya Newala na hii ya huku, na kwamba siku ya mavuno alikuwa anatafuta atumie ipi huku wao wawili wanamtazama.

Mama Editha akavuta ncha ya khanga, akajifuta uso. "Mtoto mdogo vile," akasema, "na kumbe ndiye anayetulea sisi."

Baba alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe, ile yenye grisi kwenye kucha. "Ipi ndiyo sahihi, Mwalimu?"

"Yako ina nguvu, ya mama yake ina ulaini. Zote anazihitaji. Lakini ya kwake hataipata mpaka aache kuwaangalia ninyi."

Nikawaomba wafanye nilichoona siku ya kwanza ya darasa la selo. Waje wote wawili, Jumamosi zote, na wanafunzi wawe wao. Mama akauliza kwa muda gani. Nikamwambia sijui. Aliangalia upande wa baba kwa mara ya kwanza, akasema, "Mimi nitakaa mwisho wa benchi." Baba akasema mwisho wa pili unamtosha.

Editha alipoletwa alikwenda moja kwa moja dirishani na kutugeuzia kisogo. Nilimwacha. Baba yake nikampa selo kubwa ya Mzee Ambrosi, mama yake nikampa ya ukubwa wa nusu, tukaanza. Sitawaficha, mlio ulikuwa mbaya sana. Mbuzi wa jirani aliyezoea kulala ukutani alihama. Wiki ya pili ilikuwa vilevile, mbuzi hakurudi na Editha hakugeuka. Nilikwishaanza kujiuliza ningewaambia nini.

Jumamosi iliyofuata baba alikuwa anahangaika na uzi mwembamba, unapiga kelele kama breki. Sauti ndogo ikatoka dirishani.

"Baba, unauminya."

Hatukugeuka hata mmoja. Baba akalegeza kidogo. "Hivi?"

"Bado. Siyo bisibisi hiyo." Kisha akaongeza, "Na mama umelegeza mno. Utauangusha kama mimi."

"Sasa tufanyeje?" mama akauliza. Aliendelea kutazama mbele.

Nikasikia miguu sakafuni. Editha akaja, akamshika baba yake vidole kimojakimoja na kuvipanga. Akaenda mwisho wa pili wa benchi akampanga mama yake. Hawakuelewa vizuri, akachoka nao, akachukua upinde wa mama mkononi ili awaonyeshe. Mkono aliowaonyesha haukuwa wa Newala wala wa huku. Kidole gumba kilikuwa kimekunjwa, kimetulia. Nilitaka kusema "hapohapo!" nikajizuia. Ninyi pia mtapata siku kama hizo. Nyamazeni.

Msidhani walirudiana. Mama Editha aliolewa tena na mkulima wa Chiungutwa, mtu mpole, na Baba Editha alituma kuku wawili kwenye sherehe bila kuja mwenyewe. Waligombana mara nyingine pia, kwa mambo ya sare na likizo. Lakini habari ya kumhamisha mtoto iliisha, Newala aliendelea kupanda, na benchi lilibaki na watu wawili, mmoja kila mwisho. Niliwafundisha wote kwamba kigingi kikiteleza kipakwe chaki, kikigoma kipakwe sabuni. Koleo lilibaki gereji.

Mwaka huu, wakati nimeshaanza kukusanya vitu vyangu, Editha ni msichana wa miaka kumi na miwili na selo yake ni ile kubwa. Alibaki nyuma baada ya somo.

"Mwalimu, wazazi huwa wanaacha lini kuja?"

"Ukiwaambia."

Akawaambia. Hata hivyo Jumamosi iliyofuata wote wawili walikuja, miguu yao ilikuwa imezoea. Editha akawasalimia mlangoni, shikamoo baba, shikamoo mama, akapokea mfuko wa selo, na kusema kwa adabu, "Leo naingia mwenyewe." Akafunga mlango.

Mimi nilikuwa dirishani. Walisimama nje kama watu waliokuta duka limefungwa. Baba akasema hajui sasa Jumamosi afanye nini. Mama akafungua kikapu, akampa chapati imefungwa kwenye karatasi. Wakala wamesimama, wakaongea kidogo, nadhani habari za mvua. Kisha baba akaelekea kwenye pikipiki, mama akashika njia ya Mkomaindo.

Nyuma yangu Editha alikuwa amekaa tayari, ameinua upinde, hajaanza.

"Wameondoka?"

"Wameondoka."

Akashusha pumzi. "Basi leo naweza kukosea."

Akaanza kipande kipya. Akakosea mstari wa kwanza, akakosea wa pili vibaya zaidi, akacheka, akarudi mwanzo. Nikavuta kiti kimoja kati ya vile vilivyokatwa miguu, nikakaa kumsikiliza.